Maziwa ya Wanjiru

Mpendwa mama,

Mbuzi mweupe bado anatoa maziwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Unakumbuka mke wangu alipofariki baada ya kujifungua, nikakuletea Wanjiru hapa Kawangware ndani ya blanketi. Ulimtazama mtoto mwenye jina lako, ukaenda nyuma ya nyumba kukamua. Nilijifunza kwa kukutazama: kuosha mikono na kiwele kwa maji ya moto, kumwaga matone ya kwanza, kuchuja, kuchemsha, kisha kupoza sufuria ndani ya karai la maji baridi. Beberu wa jirani hukumruhusu hata kukaribia ua, kwa sababu harufu yake huingia kwenye maziwa.

Kisha mtoto akakataa maziwa. Kila tulipompa chupa aligeuza kichwa. Ulisugua vyombo upya, ukabadilisha kitambaa, ukanusa kila kitu. Jioni ukamkuta Baba Wekesa, mpangaji wetu anayeuza mboga sokoni, akimlisha mbuzi majani ya vitunguu yaliyobaki. Alikuwa akifanya hivyo kwa huruma, ili maziwa ya mtoto yaongezeke.

Hukumgombeza. Ulimpa kikombe.

"Onja, Baba Wekesa."

Alikunywa, akafuta midomo. "Mama, kitunguu kimo tayari. Hapa imebaki chumvi na ugali tu."

Ulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake alileta majani ya viazi vitamu, na haikupita muda Wanjiru akanyonya chupa mpaka ikaisha.

Sasa yuko shule ya nasari. Tangu tukuzike hajagusa maziwa. Anasema anakungoja wewe, Cucu, bibi yake, ukamue. Baba Wekesa amembembeleza, akamwahidi hata mandazi. Hakuna kitu. Mimi naenda gazetini, naandika habari za watu wengine, narudi. Wakiniuliza naendeleaje, nasema vizuri. Ndani sisikii lolote.

Leo asubuhi nimekamua, nikafanya yote kama ulivyofanya, nikaonja. Hayakuwa na harufu. Wanjiru alinusa kikombe, akapiga funda moja, akaniuliza kama Cucu amerudi.

"Hapana. Nimekamua mimi."

Alinitazama. Kisha akainua kikombe tena, akakimaliza, akaomba kingine.

Sikulia, mama. Nilimwongezea, halafu nikaosha sufuria.

Wewe lala sasa. Jioni nitakamua tena.

Mwanao