Swali la Mke Mwenzio

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni mimi kitinda mimba wako. Goti linasemaje siku hizi? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka unaipaka, au umeificha kabatini ukingoja liume zaidi? Nakujua, mama. Na shangazi, macho yanaona vizuri baada ya upasuaji, au bado anawasalimia watu asiowajua? Sisi huku tu wazima. Baba watoto ana kikohozi cha vumbi la rangi, lakini kazini anakwenda. Mdogo ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, mpaka ukingo wa meza ya jirani. Mjukuu wako mkubwa, mke mwenzio kama unavyomwita, hajambo kabisa, na tangu ajue ninakuandikia wewe hataki kutoka hapa mezani.

Kaka ameniambia kwamba gazeti lilifika, mkasomewa, ukapiga vigelegele mpaka watu wakaja kuuliza nani anaolewa. Ameniambia pia umeikata picha yangu ukaibandika ukutani karibu na ya marehemu baba. Mama, nililia. Mimi niliyeishia darasa la sita, leo niko ukutani na baba! Lakini gazeti lina nafasi ndogo, na walichoandika si chote. Nataka uyasikie kwangu mwenyewe, tangu mwanzo.

Unajua kwamba nafagia pale shuleni anaposoma mke mwenzio. Alipoanza darasa la viziwi alikuwa analia nikiondoka, basi mwalimu wao akaniruhusu nikae nyuma na ufagio wangu. Nikakaa wiki, nikakaa mwezi, sasa ni mwaka wa tatu. Watoto wako kumi na mmoja, na walichofundishwa wao nimefundishwa na mimi. Siku hizi naijua lugha ya alama kuliko ninavyojua kuandika, kama unavyoona mwandiko huu unavyopanda mlima. Mwalimu huniambia mkono wangu ni mwepesi. Husema pia, na hili alilirudia mara nyingi, kwamba mkalimani si mpishi, hana ruhusa ya kuongeza chumvi wala kupunguza.

Sasa njoo kwenye uchaguzi. Yuko mgombea huku, yule mwenye mabango makubwa kuliko nyumba za wapiga kura wake. Mwanzoni mwa kampeni mwandishi wa redio alimuuliza mbele za watu habari ya barabara aliyoiahidi miaka mitano iliyopita. Bwana mkubwa akababaika, akasema barabara ipo ila haijaonekana. Maneno hayo yakarushwa hewani siku tatu mfululizo, mpaka wauza nyanya sokoni wakawa wanamwigiza: ukiulizia chenji yako unaambiwa ipo ila haijaonekana. Tangu hapo akasema hataki waandishi kwenye mikutano yake. Mikutano ni ya watu wote, anaingia anayetaka, ila waandishi wanabaki getini chini ya turubai. Wanapewa soda moja moja na hotuba iliyopigwa chapa, waandike hiyo. Hata sisi raia, simu zilikusanywa mlangoni kwenye beseni, kila moja na kikaratasi chake cha namba, ili asipatikane wa kurekodi.

Mwenye kusimamia hayo yote ni msaidizi wake, kijana mmoja tunamwita Bwana Ratiba kwa sababu hatembei bila karatasi ya ratiba. Ndiye aliyekuja shuleni siku mbili kabla ya mkutano wa ukumbini. Alitaka watoto wetu wakae mstari wa mbele, wamevaa fulana zenye uso wa mgombea, na pembeni ya jukwaa asimame mtu wa kupunga mikono, kwa sababu picha itapendeza. Mkalimani aliyesomea alikuwa ameikataa kazi hiyo kwa kuwa hawakutaka aione hotuba mapema. Mwalimu wetu alikuwa mgonjwa. Nikasukumwa mimi. Niliuliza kama naweza kuona maneno angalau ya mwanzo, Bwana Ratiba akacheka, akaniambia dada usijitese, wewe punga punga tu, nani atajua. Mama, yule mtu na shule yake yote alidhani ile ni kama maua ya mezani! Akaniahidi nikipendeza nitazunguka nao mikutano yote, na baada ya uchaguzi nitatafutiwa kazi ya ofisini. Sitakuficha, nilifurahi. Usiku huo nilipiga pasi gauni langu la bluu mara mbili.

Siku yenyewe tulipofika nikawaona waandishi wamejazana getini kama wanaosubiri kumwona mgonjwa. Mmoja tu alikuwa amevushwa kamba, mpiga picha wa gazeti, na walimvusha wakicheka. Bwana Ratiba alikuwa akiwatangazia mabaunsa kwamba hatimaye amepata mwandishi wa ndoto zake, asiyesikia wala kusema, aache apige picha mpaka achoke, picha haina mdomo. Yule mpiga picha ni kiziwi, mama. Tena namjua, huja darasani kwetu mara kwa mara na watoto humpanda kama mti. Alinikonyeza. Nami nikanyamaza, maana mimi niliambiwa nipunge tu, sikuulizwa nani ananiona.

Mkutano ukaanza vizuri. Alisifu watoto, nikawaonyesha. Alisema atajenga zahanati, nikawaonyesha. Kisha akasimama mzee mmoja kutoka zile nyumba mpya, akalalamika kwamba shule haina vyumba, mjukuu wake anasomea kwenye veranda. Mgombea akajisahau. Nadhani kule kujua hakuna kinasa sauti ndani kulimlegeza ulimi. Akasema vyumba vipo, tatizo ni kwamba kimoja kizuri kimekaliwa na watoto kumi na mmoja wasiosikia hata kengele. Akasema akishinda, jambo la kwanza atakifungua chumba hicho kwa wanaosikia, na hawa watarudi kwa mama zao, kwani huyo mwalimu anampigia nani kelele? Ukumbi ukacheka. Watoto wetu wamekaa pale mbele, uso wake umewajaa kifuani, na ukumbi unacheka.

Yaliyofuata ulisomewa kwenye gazeti. Kwamba niliwatafsiria watoto maneno yale neno kwa neno. Kwamba mpiga picha aliyasoma mikononi mwangu, akatoka getini akayaandika kwenye daftari mbele ya wenzake wenye hotuba ya chapa iliyosema mgombea analipenda sana darasa la viziwi. Kesho yake yakatoka. Bwana Ratiba akaenda redioni kuapa kwamba hayakusemwa, na kwamba hakukuwa na mwandishi ndani isipokuwa kiziwi, na kiziwi atasikiaje? Ndipo mhariri alipokuja shuleni mwenyewe, akanikuta nazoa takataka. Akaniambia gazeti litalazimika kuomba radhi asipopata mtu aliyesikia kwa masikio yake na aliyekubali jina lake litoke.

Nilijua nikisema ndiyo, kazi ya ofisini imekwenda, na ya ufagio huenda nayo ikafuata. Nilijua pia ulivyotulea, kwamba mdomo uliponza kichwa. Nikawaza, lakini mama, mimi mdomo sikuufungua! Baba watoto alipoulizwa alijibu kwamba rangi za kupaka bado zipo mjini, hatutakufa, niseme. Nikasema, nikatia sahihi, nikapigwa picha na ufagio wangu. Siku ya pili yule mzee wa nyumba mpya naye akajitokeza, akasema kweli alisikia na aliona haya kwa sababu alicheka. Baada yake wakajitokeza wengine sita.

Wiki iliyopita mgombea alikuja shuleni. Safari hii waandishi wote waliingia, kamba haikuwepo, beseni halikuwepo, na vinasa sauti vilimzunguka kidevuni kama ndevu. Mwandishi yule yule wa redio akamuuliza kama darasa litaguswa. Akasema halitaguswa. Akaulizwa tena ili asikike vizuri, akasema tena. Ni ahadi ya mwanasiasa, najua, lakini imo kwenye mikanda ya watu tisa. Wagombea wengine wawili nao wamefungua mageti yao, wasije wakauzwa na mikono ya mtu. Kazi ya ofisini ilikufa, ya ufagio ninayo bado, na mwalimu amepeleka jina langu kwenye mafunzo ya ukalimani ya miezi mitatu.

Mama, mpaka hapo ndipo gazeti linapofika. Sasa nisikilize, maana kuna jambo linanisuta kila nikifikiria ile picha ukutani.

Si kweli kwamba niliwatafsiria mara ile ile. Mgombea alipotamka maneno yale na watu wakaangua kicheko, nilitazama zile nyuso kumi na moja zinaningoja, na sikuweza. Nikawadanganya. Niliwaonyesha kwamba mgombea anasema ninyi ni watoto wazuri na mtaletewa madawati mapya. Wakafurahi! Wakainua mikono juu wakaitikisa, ndivyo wanavyopiga makofi wao. Na watu kuwaona wameshangilia kufukuzwa kwao wakacheka zaidi. Hilo sitalisahau.

Ni mke mwenzio peke yake hakuinua mikono. Aligeuka nyuma akautazama ukumbi, akawatazama wale wanaume waliokuwa wanajipiga mapaja, kisha akanirudia mimi. Akaniuliza, wanacheka nini? Nikamwambia wamefurahi. Akasimama juu ya kiti, mtoto wa miaka saba, mgombea akadhani anasalimiwa akampungia. Mwanangu hata hakumtazama. Akauliza tena, polepole, vile mwalimu anavyomwonyesha mtoto mzito, wanacheka nini?

Waandishi wa mji mzima walikuwa getini na soda zao, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza mtu yule lolote. Swali moja tu liliulizwa ndani ya ukumbi ule, na aliyeuliza ni yeye.

Nikamjibu. Niliyasema yote, chumba, kengele, na kurudi kwa mama zao. Nikaona mikono ya watoto inashuka mmoja mmoja, na mpiga picha pembeni anashusha kamera yake. Nilidhani mwanangu atalia. Hakulia. Alikaa chini, akaniambia, endelea. Nikaendelea mpaka mwisho, sikuongeza wala kupunguza.

Mhariri sikumwambia sehemu hii, niliona haya. Nakuambia wewe ili ujue umemsifu nani. Ile picha yangu usiibandue, iache, nimeipenda. Lakini nakutumia na ya mke mwenzio, aliyopigwa na mpiga picha siku ile akiwa amesimama kitini. Iweke katikati, kati yangu na baba.

Nisalimie kaka na mkewe, shangazi, na wote wanaoniulizia. Dawa ya goti ipakwe. Mke mwenzio anakusalimu, na anasema ukija ujiandae, ana maswali.

Mimi mwanao,
mama yake