Suruali ya Baba Mkwe

Mpendwa Mama,

Ungekuwa hai, haya ningekuambia wewe peke yako, jikoni kwetu kule Mafiga, mlango umefungwa.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la sita, nikatoka kanisani mbio katikati ya mahubiri? Ulinifuata na kanga na kipande cha sabuni. Ulisema tu, "Twende nyumbani." Hukuniuliza kitu njia nzima. Tumbo lile halijaniacha, Mama.

Mwezi uliopita nilipanda Mgeta kujitambulisha kwa wazazi wa Rehema, mchumba wangu. Kwa kuogopa kuumbuka njiani, sikula kitu tangu jana yake. Nilifika mikono inatetemeka, jasho linanitoka, na baridi yote ile ya milimani. Nikapewa soda, nikaimaliza, nikaongezwa nyingine. Kisha nikala maharage na kabichi, wasije wakadhani nawadharau. Baba yake alikuwa anauliza habari za ukoo wetu nilipoinuka bila kuaga. Choo kilikuwa nyuma ya migomba. Sikukifikia.

Mimi, mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu! Mzee alinifuata na ndoo ya maji, akanipa suruali yake. Ilinikomea juu ya vifundo vya miguu. Nikarudi kukaa nayo mbele ya ndugu zao wote.

Nilimwambia Rehema tuachane. Akajibu, "Kwanza twende hospitali."

Daktari alinipima. Sina kisukari, wala utumbo hauna kidonda. Ni utumbo unaovurugika upesi. "Njaa ndiyo iliyokutetemesha," alisema. "Sukari ya soda mbili kwa mpigo ikavuruga tumbo tupu. Halafu maharage juu yake!" Sasa nakula kidogo kidogo, kwa saa zake: ndizi za kupika, samaki, karoti. Soda na kitunguu nimeacha. Tumbo limetulia kiasi. Aibu, bado.

Jana mama yake Rehema alinipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili mje. Nakupikia ndizi, kitunguu sitii. Na usipande huku na njaa."

Kumbe anajua yote, hata ya daktari. Nilitaka kusema asante. Nikasema, "Shikamoo."

Akaitikia tena, "Marahaba," taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza tumeanza kuongea.

Pumzika, Mama. Jumapili nitakwenda.

Mimi mwanao,
kitindamimba wako.