Mstari Niliouruka Kwenye Karatasi ya Kolestro

Yamumbi, Jumapili

Mjukuu wangu Cherop,

Usicheke. Nina miaka kumi na saba, lakini nyanya yako ni dada yangu mkubwa, binti wa mke wa kwanza wa Baba, kwa hivyo kwetu mimi pia ni nyanya. Huku mahindi yameota vizuri, na Baba anakusalimia sana.

Uliniuliza kwa nini Nyanya alipata kiharusi na hata si mnene. Jibu ninalo, na ni aibu yangu.

Mwaka jana alipimwa damu, akapewa dawa na karatasi ya Kiingereza. Akaniambia nimsomee wakati wa chai, Baba akiwa hapo. Daktari aliandika kwamba mwanamke akishaacha kupata hedhi, kolestro, yaani mafuta ya kwenye damu, inaweza kupanda hata kama ni mwembamba na hasikii uchungu wowote, kwa hivyo ameze dawa kila siku. Neno hedhi, mbele ya Baba? Nikaruka yote. Nikasema tu, "Upunguze mafuta."

"Mafuta gani, na nimekonda hivi?" Nyanya akacheka.

Baba naye: "Hiyo ni ya wenye matumbo, kama pasta wetu!"

Dawa zikabaki kabatini.

Sasa mkono wake wa kulia hauinuki, kitambaa cha kichwa namfunga mimi. Dawa anameza, mboga tunachemsha, na jioni namtembeza polepole hadi kwenye geti.

Jana nilimsomea karatasi yote, Baba akisikiliza. Baba mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Ni hiyo tu ulikuwa unaogopa kusema?"

Ni hiyo tu, Cherop.

Nyanya yako mdogo,
Jeruto