Khisa Ameweka Zote

Mabonga, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Ile poka ya simu, karata za pesa, tulibaki wawili, mimi na Khisa. Khisa yule yule wa Kimumu! Chifu alimwandika kwa orodha ya fidia ya waliochomewa nyumba, na yake haikuguswa hata na moshi. Yangu ilibaki majivu, nikaambiwa jina halionekani.

Karata ya mwisho ikafunguliwa, Khisa akaweka pesa zote. Mimi niko na wafalme wawili. Roho inaniambia niache. Akaandika, "Mzee, umeshindwa, rudi nyumbani."

Nyumbani gani?

Nikasema huyu ni mwongo, chifu ndiye alimwamini, si mimi. Nikaweka zote, hata pesa ya saruji ya kaburi la mke wangu Maximilla.

Alikuwa na malkia watatu, na watatu hushinda wawili, hata wakiwa wafalme.

Khisa amesema ukweli mara moja tu tangu nimjue, na ni leo.