Nimemvunja Mume Wako Mkono kwa Ajili ya Farasi

Masisi, kifungoni

Kwako dada yangu mpenzi Felisita,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, wewe na watoto. Mnaamkaje huko Buleusa? Mihogo imetoka vizuri, au nguruwe wa msitu wamewatangulia tena? Watoto wanakula? Na goti lako, lile uliloumia ukitoka mtoni, limepoa, au bado unachechemea? Mimi ni mzima, kama mtu anaweza kuitwa mzima naye anaandika kifudifudi. Siwezi kukaa kitako. Polisi walinichapa kiboko mpaka suruali ikagandamana na ngozi, na sasa nimefungwa hapa Masisi nangoja kuitwa mbele ya bwana mkubwa wa serikali.

Dada, nimemvunja mume wako mkono, na meno yake ya mbele yamemtoka. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine. Usilie bado. Soma mpaka mwisho, na usisome mbele ya watu.

Unajua kwamba Bonifasi ndiye aliyeniingiza kazini katika shamba la pareto la Karuba, yeye akiwa kapita, msimamizi wetu, mimi mtu wa jembe. Baadaye Madamu, mke wa mzungu mwenye shamba, akanitoa kwenye maua yale akanipa kazi ya kumtunza farasi wake. Usiwaze farasi wa picha za misioni. Huyu aliitwa Bizu, na mgongo wake haukunifika kiunoni. Ukimwona kwa mbali ungesema ni mbuzi aliyenenepa kupita kiasi. Walimleta kwa ajili ya binti yao alipokuwa mdogo. Binti akakua, akaenda zake Ulaya, Bizu akabaki anazeeka. Wawindaji wa kwetu wangenicheka mpaka walale chini: mtoto wa msitu anamwosha mnyama magoti badala ya kumpika!

Ugonjwa wake ulikuwa wa viungo. Magoti ya mbele yalivimba yakawa kama viazi, na baridi ya Karuba inaingia kwenye mifupa hata ya mtu mwenye blanketi. Asubuhi hakuweza kuinuka. Madamu alinifundisha nimtandikie majani makavu mengi, nimkande kwa maji ya moto, nimfunge vitambaa vya sufu, nimpunguzie mahindi ili mwili usiilemee miguu, nimkate kwato zisirefuke. Zaidi ya yote, nisimlazimishe kusimama. Jua likishapanda na kumpiga mgongoni, alijiinua mwenyewe, polepole, halafu nilimtembeza kidogo mpaka miguu ilegee. Nilimpenda, dada. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilimpenda.

Bonifasi yeye hakujua ugonjwa mwingine isipokuwa uvivu. Kila asubuhi tulipoitwa majina lazima mtu atoke damu. Mzee mmoja wa Burungu alichelewa kwa sababu ya homa, akapigwa ngumi ya sikio, na mpaka leo hasikii upande ule. Mwingine alivunjwa vidole kwa mpini wa jembe. Mzungu alikuwa akitazama kutoka barazani na kikombe chake cha kahawa. Mimi nilikuwa nikinyamaza, maana ni shemeji, na kwetu shemeji hapigwi, hata neno kali haambiwi.

Jumapili iliyopita Madamu hakuwepo, alikuwa ameenda kwa daktari huko Goma. Wageni wakaja na watoto wao, na watoto wakataka kumpanda Bizu. Ilikuwa mapema, ukungu bado umefunika malisho, na Bizu amelala. Mzungu akapiga kelele farasi aletwe upesi. Bonifasi akaja na kiboko.

“Inuka, weye! Iko najifanya mugonjwa tu!”

Nikamwambia kwa heshima, “Shemeji, umuache kwanza. Jua ikipanda, atasimama yeye mwenyewe.”

“Jua njo kapita hapa?”

Akamchapa mgongoni. Bizu akajaribu, miguu ikateleza, akaanguka kwa kidevu. Akamchapa tena na tena. Ngozi ikapasuka, damu ikalowanisha majani niliyomtandikia. Halafu Bonifasi akainua buti akamkanyaga goti, lile lililovimba zaidi, kwa kisigino, kwa nguvu zake zote. Sijawahi kusikia mnyama analia vile, nami nimekulia kwa wawindaji.

Akanigeukia akicheka. “Unamuhurumia? Hata dada yako alikuwaka analala ivi ivi asubuhi, asema amechoka. Nikamukanyaga goti pale pale. Alisimama! Mpaka leo, akiniona tu, anasimama.”

Mto gani, dada? Ulituambia sote ni mawe ya mtoni. Mimi mwenyewe nilikukatia fimbo ya kutembelea, na mume wako alikaa pale pale anakula, akanisifu kwamba nimeichonga vizuri.

Mpini wa jembe ulikuwa ukutani. Nilimpiga nao. Alikinga kichwa, mkono ukavunjika, nikausikia. Akaanguka juu ya yale majani, nikampiga mdomoni, meno yakamtoka na damu ikaruka mpaka kwenye shati langu. Watoto wa wageni walikuwa kwenye ua wakipiga mayowe. Sitakudanganya: nilitaka kumuua, na kama watu wasingenishika ungekuwa mjane leo. Tena nilifurahi nikimpiga. Nimemwambia Mungu hivyo, nakuambia na wewe.

Mzungu akaja mbio na bunduki. Alipoona nimeshikwa, akamtazama Bizu aliyejaa damu, akasema huyu naye amekwisha. Wakati huo ukungu ulikuwa umefunguka na jua limeingia zizini. Bizu akajiinua. Mwenyewe, polepole, kama kila siku, akasimama kwa miguu yote minne, anatetemeka.

Nikampigia mzungu kelele, “Musiyo, angaria! Amesimama! Amesimama!”

Lakini risasi ilikuwa imeshaingia kwenye bunduki, na wageni walikuwa wakitazama. Akampiga akiwa amesimama. Bizu alianguka pale pale, hakurusha hata teke. Mimi wakanifunga kamba, na jioni polisi wakanilaza chini mbele ya wafanyakazi wote. Yule mzee wa Burungu alikuwa mstari wa mbele, akilia wazi wazi bila kuficha uso.

Sasa nisikilize vizuri. Papa Zakaria, katekista anayekuja kusali na wafungwa, ndiye aliyenipa karatasi hii, na ndiye atakayekuletea, kwa maana kesho anapanda kamyo, lori la kuja huko kwenu Walikale. Alipita kwenye dispensari akamwona Bonifasi. Amepewa konji, ruhusa ya kupumzika, mpaka mkono upone, naye anakuja nyumbani. Alimwambia Papa Zakaria hivi: “Ngoja nifike kwangu, nimuulize bibi yangu alimuambia mudogo wake nini.” Mjinga mkubwa! Amesahau kwamba ni mdomo wake mwenyewe uliosema. Lakini atakuuliza wewe, na hakuna jibu litakalomtosha.

Usimngojee umweleze. Usimpikie. Usiende kwa baba. Baba alikula mbuzi za mahari, atakubembeleza kwa maneno mazuri, halafu atakurudisha yeye mwenyewe. Chukua watoto uende kwa mjomba, kule kwenye kambi yake ya kuwinda ng'ambo ya mto. Mwambie kila kitu, goti umwonyeshe. Ukiona haya, Papa Zakaria amsomee barua hii. Mjomba hakumpenda Bonifasi tangu siku ya harusi, mume wako alipolalamika nyama ni kidogo, na mbwa wake hawapendi watu wanaokuja kwa fujo. Mimi watanihukumu, sijui muda gani. Usinihurumie. Chakula kipo, kibaya, lakini kipo.

Unisalimie mjomba na mke wake aliyeninyonyesha mama alipokufa. Unisalimie wapwa zangu, uwaambie mjomba wao hajambo. Baba umwachie salamu kwa mtu mwingine, ukiwa umeshafika ng'ambo. Majirani usiwasalimu, wasije wakajua umepata barua.

Nilikuwa nimeshaikunja karatasi, nikaikunjua tena. Nakujua, dada. Ukifika hapa unawaza: ana mkono uliovunjika, atanifanya nini, ngoja kwanza nivune mihogo. Mkono niliouvunja ni wa kulia. Wa kushoto, anaoshikia kiboko, ni mzima, nawe unajua kuliko mimi anapiga kwa mkono gani. Ondoka leo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Aloisi