Mbayuwayu wa Koo Jekundu na Mbayuwayu wa Kofia

Bwana Mdachi amekubali! Mbayuwayu wetu ni wa aina mbili, kama ulivyosema wewe, na amelitamka barazani kwangu, watu wakisikia!

Mpendwa mwanangu Salumu, sasa salamu. Mimi mzima, shangazi yako mzima, mahindi ya mlimani yamekomaa.

Wakumbuka tulivyokuwa tukiikandika nyumba hii, nawe mdogo, udongo mpaka masikioni? Nilikuonyesha: mwenye kofia nyekundu na koo jeupe huchota udongo wetu akajenga chini ya paa. Mwenye koo jekundu huja na vuli, hula wadudu, huenda zake. Kiota chake hatujakiona. Ukauliza, "Mama, huyu kwao wapi?" Nikakujibu, "Sijui, ila si hapa." Basi elimu yako ya ndege imeanzia kwangu, hata kama huko Tanga huwaambii.

Ulipokuwa ukimchunia Bwana Mdachi ndege, ngozi zao azipeleke kwao, mbayuwayu hawa uliwatenga katika masanduku mawili. Akakuita mwongo mbele ya wapagazi, eti hao ni mume na mke. Ukaondoka hata uji hujanywa.

Mwezi uliopita akapita kwangu. Nikamwambia, "Bwana, mume gani huyu asiyelala kwake hata siku moja?"

Shangazi yako akadakia, "Wapo, wifi! Mbona wangu!"

Bwana hakucheka. Aliketi kwenye kigoda siku nne akitazama kiota. Wa koo jekundu walikuwa wamekwisha kuondoka wote. Wa kofia walikuwa wawili, mume na mke, wanafanana, wakilisha makinda kwa zamu. Siku ya nne akafunga daftari. "Mama, mwanao aliona sawa. Nilikosa mimi."

"Najua," nikasema.

Nikamtaka ayarudie maneno hayo wewe ukiwapo, mbele ya wapagazi walewale waliokusikia ukitukanwa. Amekubali. Kazi yake uitake usiitake, shauri lako. Mimi nataka wakuone umesimama, na mimi nikiwa kando yako na kanga mpya.

Mkono umechoka, sikuzoea kuandika mengi. Usiniletee kitu, jilete mwenyewe. Mimi mama yako, niliyekuzaa na kukufundisha ndege, nakungoja pamoja na Bwana, jumbe, wapagazi na wajomba zako wote, wanaokuja hapa nyumbani siku ya Idi pili.