Gari la Bibi Harusi Lililonipita Kitonga

Korogwe, Tanga
Jumapili, mwezi wa tisa, mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke Idodi

Kastori mdogo wangu,

Kamwene. Salamu hiyo nimeiandika kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata mtu unayekwenda kugombana naye, unamsalimia kwanza. Desturi inanitaka pia nikuulize afya yako, ya mkeo, na ya mwanao Deo. Nauliza. Nauliza na habari za mpunga, kama tembo wamewaachia chochote mwaka huu. Mimi goti la kushoto limevimba na usingizi unakuja vipande vipande, lakini macho yanaona na mkono unaandika.

Ujumbe wako nimeusoma kwenye simu ya jirani. Umesema: "Kaka, gari lilituangusha, tusameheane." Nina maneno ambayo hayaenei kwenye simu, kwa hiyo nimenunua karatasi. Soma mwenyewe mpaka mwisho. Usimpe mtu akueleze kilichomo.

Naanza na jinsi ulivyoniita, kwa sababu najua unasahau upesi unachosema. Ulinipigia ukiwa na furaha. Ukasema Anjelina anaolewa, na wakwe wa Mafinga wamekataa kutoa blanketi na jembe mpaka mkubwa wa ukoo akae kitini apokee kwa mikono yake. Mkubwa ni mimi. Hapo ungeweza kuishia, nami ningekuja kwa basi, nikapokea blanketi la mtoto wetu na kurudi huku. Lakini uliendelea. "Rudi kabisa, kaka. Tumekujengea chumba, madirisha ya vioo, kinatazama mashamba. Uzeeke kwenu."

Nilikuamini. Nilikuja huku kijana, nikawa karani wa kuhesabu mafungu ya mkonge. Shamba lilipokufa nikabaki kambini, katika nyumba zake kuukuu, nikifundisha watu wazima kusoma. Baada ya simu yako chumba changu nilimkabidhi mwalimu Zaina, binti mjane mwenye watoto. Kitanda nikakigawa, kuku nikawagawa. Watu wa kambi walinifanyia sala ya kuniaga, na wengine walilia. Nikabaki na sanduku la bati, kasha la vitabu, na gunia la miche ya mkonge ya kuzungushia kaburi la mama, kwa sababu uliniambia ng'ombe wanalikanyaga.

Nilipanda basi mpaka Morogoro, Deo, ambaye kazi yake iko hapohapo, akanipokea stendi kama mlivyopanga. Gari lilikuwa zuri, hilo sikatai. Leupe, limeng'arishwa kwa ajili ya harusi ya dada yake. Lakini buti lilikuwa fupi, nusu yake imeliwa na betri, hivyo sanduku na gunia vilijazwa humo kwa kusukuma, na kasha la vitabu nikalipakata kiti cha nyuma.

Akaanza kunisifia. "Hili ni haibridi, baba mkubwa, ile ya kuchomeka kwenye umeme. Usiku nalichaji kama simu. Nyumbani kazini, kazini nyumbani, injini wala haiamki."

"Na mafuta je?"

"Yamo! Tenki lilijazwa mwaka juzi nilipolipokea, hata robo sijaitumia. Wenzangu kazini wanalia na bei, mimi nawacheka."

Hatujafika Mikumi, betri ikaisha. Injini ikaamka, na iliamka vibaya, ikikohoa na kututikisa, kama mzee aliyeitwa ghafla. Kwenye kioo mbele ya usukani yakatokea maandishi ya njano.

"Linasema nini?" nikamuuliza.

"Aah, linasema mafuta yamekaa sana, niyamwage niweke mapya. Linaandika hivyo tangu mwaka jana. Unabonyeza hapa, linanyamaza." Akabonyeza. Likanyamaza.

"Mbele hapo si kuna kituo cha mafuta?"

"Baba mkubwa, tenki limejaa. Hayo mengine nitayaweka wapi?" Akacheka sana, nami nikacheka naye, maana nilikuwa na furaha ya mtu anayerudi kwao.

Mpaka Ruaha Mbuyuni lilikwenda kwa kujivuta, lakini lilikwenda. Pale niliona vitunguu kwenye nyavu nyekundu, nyanya zimepangwa vilima vilima mezani, na akina mama wanakimbilia magari. Mmoja alinisalimia kwa Kihehe kupitia dirishani. Kastori, nilikuwa sijasalimiwa kwa lugha yetu na mtu nisiyemjua kwa miaka mingi mno. Nilimjibu, nikairudia salamu mara tatu, akadhani mimi ni mgonjwa.

Kitonga unaijua. Nilipoondoka niliishuka nikiwa juu ya lori la mbao, nimekaa kinyume, natazama milima inavyopanda na kunifungia nyuma. Miaka yote hii nilikuwa nangoja siku ya kuipanda.

Kona ya kwanza tuliipita. Kuelekea ya pili Deo alikanyaga mpaka mwisho, mlio ukapanda, lakini mwendo ukashuka. Ni jambo la ajabu kulisikia: kelele inazidi, na miti ya pembeni inasimama. Betri haina kitu cha kusaidia, injini inanyonya mafuta yaliyolala, na nyuma yetu foleni ya malori inapiga honi. Kwenye kioo ikatokea picha ya mnyama.

"Hicho nini?"

"Kobe, baba mkubwa. Gari linajipunguzia nguvu lenyewe, lisijiue."

Akalisogeza pembeni kwenye nafasi ndogo. Malori yakaanza kutupita, na utingo wa la kwanza akachomoza kichwa. "Bosi, luku imekata! Nunua uniti za umeme!" Wa pili naye akapiga kelele, "Mshusheni huyo mzee asukume!" Nilicheka tena. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Simu yako ikaingia. Deo alikuwa ameiunganisha na redio ya gari, kwa hiyo sauti yako ilitoka kwenye milango yote minne. Wewe hukujua. Naiandika hapa kama nilivyoisikia, ili usije ukasema mtandao ulikuwa mbaya.

"Mpo wapi?"

"Kitonga, baba. Gari limeisha nguvu, halipandi."

"Halipandi vipi? Kesho linabeba bibi harusi hilo! Mmepakia nini?"

"Mizigo ya baba mkubwa. Sanduku, vitabu, na gunia la miche ya mkonge."

"Mkonge! Shusha. Shusha vyote, na yeye mwenyewe mshushe, gari lipande likiwa jepesi. Mabasi si yanapita hapo? Miaka yote hiyo hakuona haja ya kuja, leo ndiyo ana haraka?"

"Baba, ngoja, baba..." Deo alikuwa anatafuta kitufe cha kuizima.

"Nisikilize wewe. Tunamhitaji kesho apokee blanketi, basi. Na habari ya chumba usimguse nayo. Kile chumba nimeweka vifaranga. Atalala stoo, na harusi ikiisha tutaona tunamrudishaje huko kwake."

Hapo ndipo kitufe kilipopatikana.

Deo hakugeuka kunitazama. Alinitazama kwenye kioo kidogo cha juu, akasema, "Baba mkubwa, mzee ana presha ya harusi tu." Nilifungua mlango mwenyewe, nikashuka na kasha langu.

Mwanao si mtu mbaya. Alishusha sanduku polepole, akaliweka mahali pasipo na vumbi, akaliegemeza gunia la miche kwenye jiwe. Akaniambia, "Nashuka mpaka bondeni. Gari likiteremka linajichaji kidogo. Nikipanda tena nitakuwa na nguvu, nakupitia hapahapa." Akageuza, madereva wakamsubiri huku wakimtukana, akashuka.

Nikakaa juu ya sanduku. Nyani walikuja kuangalia kama nina kitu cha kula, wakaona sina, wakaenda kwa wenye malori.

Baada ya muda nikaliona linapanda. Nikasimama, nikakung'uta suruali, nikalishika kasha. Lilikuwa linakuja kwa mwendo wa watu wanaotoka kanisani. Deo akatoa kichwa dirishani kabla hajanifikia. "Nikisimama haliondoki tena! Panda basi linalofuata, baba mkubwa! Tutaonana Iringa!"

Kastori, lilikuwa linakwenda polepole kiasi kwamba kwa goti hili nililonalo nilitembea nalo sambamba. Niliweka mkono juu ya paa lake nikatembea, yeye ndani, mimi nje, wote wawili tunatazama mbele. Halafu nikauondoa mkono. Likanipita, likaingia kwenye kona, nikaendelea kulisikia kwa muda mrefu baada ya kutoliona.

Basi la Mbeya likasimama. Konda akaruka chini. "Mzee, Iringa? Mbeya? Nafasi ipo, twende!"

"Siendi huko."

"Sasa umekaa huku unaelekea wapi, mzee wangu? Kona hii hata nyani hawasubirii gari."

Nikamwomba anivushie sanduku upande wa pili wa barabara. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa, lakini akalibeba, akarudi kuchukua na kasha. "Mzee, huku unarudi ulikotoka," akaniambia taratibu, kwa heshima.

"Najua, mwanangu."

Miche sikuivusha. Niliipanda palepale juu ya ukingo, kwa kuchimba na kipande cha jiwe, na udongo wake ni mgumu kweli. Halafu nikateremka na lori la vitunguu, dereva akaniweka mbele na hakuniuliza maswali.

Huku Korogwe mwalimu Zaina alikuwa ameshapaka chumba rangi. Aliponiona mlangoni alianza kukusanya nguo za watoto ili anipishe, nikamkatalia. Sasa nalala nyuma ya duka la fundi cherehani, kwenye kitanda nilichokigawa mwenyewe na ambacho nimerudi kukiazima. Waliokuwa wamelia wakati wa kuniaga wananisalimia wakitazama chini. Hiyo ndiyo hali uliyoniachia, na sikuelezi ili unionee huruma. Huruma yako itume kwa vifaranga.

Sasa nirudi kwenye ujumbe wako. Unasema gari lilituangusha. Gari halijamwangusha mtu. Lilimwambia Deo mwaka mzima kwamba mafuta yamechakaa, akalinyamazisha kila lilipofungua mdomo. Lilipoishiwa nguvu lilisema limeishiwa, likaonyesha na picha ili hata asiyejua kusoma aelewe. Wewe hukuonyesha picha yoyote. Ulinipigia kwa sauti ya mdogo wangu, ukanijengea madirisha ya vioo kwa mdomo, ukaniacha nigawe kitanda changu. Kama betri ingekuwa imejaa siku ile, ningefika kwako nikicheka, nikapokea blanketi, nikalala stoo nikijiambia ni kwa siku mbili tatu tu. Kwa hiyo usililaani lile gari mbele yangu.

Na dada yetu Yohanita amenisimulia yaliyofuata. Lilifika Iringa limechoka, halikumbeba bibi harusi wala nani, mkakodi jingine. Hilo halinihusu. Linalonihusu ni kwamba wakwe walipouliza mkubwa yuko wapi, ulimchukua mzee Petro, mlinzi wa ghala, ukamvalisha koti lako, ukamkalisha kitini, ukamtambulisha kwa jina langu. "Huyu ndiye kaka yangu Lusiano, amefika jana kutoka Tanga." Yohanita anasema ulisema bila kumeza mate. Wakwe wakamfunika blanketi, wakampa jembe, akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wa Idodi waliokuwapo walitazama viatu vyao.

Nimelisoma jambo hili kichwani mara nyingi nikitafuta mahali pa kukusamehe, na sijapaona. Ulikuwa na siku nzima ya kumwambia mkwe, "Kaka yangu amekwama njiani, tusubiri." Watu wa Mafinga ni watu, wangesubiri. Ukaona ni rahisi zaidi kumpata Lusiano mwingine.

Msalimie Anjelina, bibi harusi wetu. Usimwambie habari hizi sasa. Mwache ajenge nyumba yake. Msalimie Yohanita, umwambie asilie kwenye simu, vocha inaisha bure. Msalimie katekista aliyenibatiza, kama bado anasikia. Deo mwambie sina kinyongo naye, ila amwage yale mafuta. Na mzee Petro mpe salamu za peke yake: blanketi alitumie, usiku wa Idodi una baridi mwezi wa sita, na asione aibu, aibu ile ina mwenyewe.

Ukipita Kitonga, kabla ya kona ya pili kwa mtu anayepanda, mkono wa kushoto juu ya ukingo, utaiona ile miche. Ukitaka ing'oe uizungushie kaburi la mama. Ukitaka iache.

Wewe tayari una Lusiano aliyerudi. Mimi sirudi.

Kaka yako,
Lusiano